Mhasibu wa Samaki Walio Hai: Maisha ya Edith Boke Matiko

Aprili 14, 1969 – Septemba 16, 2025
Wasifu uliosomwa na bintiye, Lorine, katika mazishi yaliyofanyika nyumbani Karungu, Jumamosi, Septemba 27, 2025

Familia imeomba wasifu huu usomwe kwa Kiswahili. Wageni waliofika jana kutoka Kegonga hawasikii Dholuo, na wenyeji wa Karungu hawasikii Kikuria. Tena Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumba hii. Edith na mumewe Zadock walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na wakawalea watoto wao kwa Kiswahili hata majirani wakauliza kama hawa ni watu wa Mombasa.

Edith Boke alizaliwa Kegonga, upande wa Kuria Mashariki, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Matiko Marwa na Mama Robi, ambao wote wawili wametangulia. Baba yake alilima tumbaku na mahindi, na alikuwa na ng'ombe wachache aliowajua tabia zao kama mtu anavyowajua watoto wake. Edith alikulia kwenye vilima, mbali na maji. Mpaka anakuwa mtu mzima hakuwahi kuona ziwa.

Alianza shule ya msingi hapo Kegonga mwaka 1976, na mwaka 1982 akafanya mtihani wa darasa la saba. Alipata nafasi katika shule ya upili ya wasichana mjini Migori. Juma la kufungua shule, baba yake alimswaga dume lake kubwa hadi mnadani kutafuta karo, naye Edith akaenda nyuma na fimbo. Mnunuzi aliangalia dume, akamwangalia binti mwenye sanduku jipya la bati, akataja bei ya chini. Mzee Matiko alikubali. Njiani wakirudi, Edith alilia. Baba yake alidhani analilia dume, akambembeleza. "Silii ng'ombe," Edith akamwambia. "Nalia kwa sababu umemtupa." Mzee akajibu kwa upole, "Tulikuwa na haraka, naye alijua tuna haraka." Kisa hicho aliwasimulia wanawe mara nyingi. Alipokuwa mhasibu alisema kwamba hapo ndipo alipojifunza tofauti kati ya bei na thamani, miaka mingi kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1986. Baada ya mwaka mmoja nyumbani akienda shambani, alijiunga na chuo mjini Kisumu akasomea uhasibu, na mwaka 1991 akafaulu mitihani yake ya mwisho. Mwaka 1992 aliajiriwa kuwa karani wa hesabu katika ushirika mmoja wa wakulima mjini Migori. Huko ndiko Zadock Odhiambo alikomkuta. Zadock alikuwa kijana wa Karungu aliyekuwa akileta samaki sokoni, na kila alipopita ofisini alikuwa na swali kuhusu akaunti ambayo hakuwa nayo.

Walioana kimila mwaka 1995, na harusi ya kanisani ikafanyika Desemba 12, 1998. Siku ya posa, wajomba wa Kegonga na wazee wa Karungu walishindana kuhusu ng'ombe mpaka jua likaelekea kuzama, wakitafsiriana kwa Kiswahili kibovu pande zote mbili. Edith alitoka jikoni na birika la chai, akauliza kwa heshima kama angeweza kuwasahihishia tafsiri, maana mjomba alikuwa amesema ng'ombe wanane na mkalimani akasema kumi na wanane. Kicheko kilichofuata ndicho kilichomaliza mazungumzo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorine na Elvis.

Huku Karungu aliitwa nyar Kuria, binti wa Wakuria. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la utani na mapenzi. Alijifunza Dholuo, akajifunza kuanika omena, dagaa wa ziwani, akaimba kwaya. Jambo moja tu lilimshinda: ziwa. Hakujua kuogelea, na kila alipolazimika kupanda boti alishika ukingo kwa mikono miwili na kufumba macho.

Mwaka 2013 wavuvi wa hapa walianzisha Ushirika wa Wafuga Samaki wa Winjruok, jina lenye maana ya maelewano. Walifunga vizimba vya nyavu ndani ya ghuba, wakatia vifaranga vya ngege, ambao wengine huwaita perege, wakalisha mpaka wakue. Mwenyekiti alikuwa Bwana Nicholas Omanga, mtu mwenye bidii asiyejua kukaa bure. Zadock alikuwa na vizimba viwili. Mwaka 2015 ushirika ulimwajiri Edith kuwa mhasibu wake, na hakuna aliyeona vibaya kwamba ni mke wa mwanachama. Walisema, bora wetu.

Inafaa ielezwe kazi yake ilikuwa nini, kwa sababu wengi hapa walikuja kuichukia bila kuelezwa. Boti au mizani ukiinunua, unaiandika kwenye hesabu kwa bei uliyonunulia, na kila mwaka unaipunguza kadiri inavyochakaa. Samaki hachakai. Samaki anakua, anazaa, anakufa. Ni mali iliyo hai. Kwa hiyo sheria ya uhasibu inataka kila mwisho wa mwaka mali hai ipimwe upya na kuandikwa kwa thamani ya siku hiyo: bei ambayo mnunuzi asiye na haraka angempa muuzaji asiye na haraka, ukitoa gharama ya kumfikisha sokoni. Waliyotumia kununulia vifaranga hayahesabiwi hapo, na wanayotumaini kupata samaki wakikomaa hayahesabiwi pia. Ni siku hiyo moja tu inayoandikwa.

Mwaka 2018 ulikuwa mgumu. Chakula cha samaki kilichelewa mara kwa mara. Mwezi wa Novemba maji ya ghuba yaligeuka rangi, na asubuhi moja samaki waliokufa walikuwa wametanda juu ya maji kama majani. Wakati huohuo kamati ilikuwa imeomba benki mkopo mkubwa wa kuongeza vizimba. Wanachama wengi walikuwa wamekubali kuweka hati za mashamba yao kuwa dhamana. Zadock alikuwa mmoja wao. Benki ilisema itatoa jibu ikishaona hesabu za mwaka.

Kamati ilimletea Edith idadi na uzito wa samaki, vimeandikwa vizuri, kila samaki amekomaa. Edith alisoma, akaomba boti.

"Boti ya nini, Mama Lorine?" Nicholas alimuuliza.

"Nikawaone."

Desemba 31 alipanda boti akiwa amevaa koti la kuelea, ameshika ukingo kwa mikono miwili. Safari hii hakufumba macho. Walienda kizimba baada ya kizimba. Vijana wa kazi walivuta nyavu, akachota samaki kwa wavu mdogo, akawapima, akawarudisha. Vizimba vingine vilikuwa na nusu ya samaki waliotajwa. Na wale waliokuwepo walikuwa wadogo, wa kutoshea kiganjani. Vijana waliokuwa naye wanakumbuka kwamba walipofika ufukweni alisema tu, "Asanteni. Nimeona."

Kamati iliitisha kikao. Nicholas hakupiga kelele. Alimwomba.

"Hawa samaki watakua. Sisi sote tunajua watakua. Andika vile watakavyokuwa mwezi wa Juni."

"Mwenyekiti, hesabu ni za Desemba."

"Benki haitakuja kupima."

"Ndiyo maana wamenitaka mimi niandike."

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Zadock alikuwa ameshalipa malipo ya kwanza ya vizimba vipya. Alikuwa ameshawaambia ndugu zake. Jioni walipokuwa mezani alimwambia mkewe, "Edith, mwaka mmoja tu. Samaki wakikua hakuna atakayekumbuka."

"Na wasipokua? Shamba la baba yako liko pale benki."

"Hilo niachie mimi."

"Siwezi kuandika samaki ambao sikuwaona, Zadock."

Zadock alisukuma sahani yake. "Wewe ni mke wangu ama ni mke wa hesabu?"

Edith alimmiminia chai. Baadaye alimwambia bintiye kwamba katika maisha yake yote hilo ndilo swali alilojutia kulinyamazia, kwa kuwa jibu alikuwa nalo na lilikuwa fupi.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi, Machi 16, 2019, katika ukumbi wa kanisa. Edith alisimama akasoma hesabu kama alivyozoea, kwa sauti ile yake ya taratibu. Alipofika kwenye mali hai akataja kiasi, theluthi moja ya kile ambacho watu walikuwa wameahidiwa. Kisha mtu akasema kutoka nyuma, "Nyar Kuria ameua samaki wetu kwa kalamu!" Watu wakasimama. Zadock alibaki amekaa, anaangalia sakafu.

Benki haikutoa mkopo. Bila mkopo hakukuwa na chakula, na samaki wakauzwa wakiwa wadogo. Mwaka uliofuata ushirika ukavunjwa. Hati za mashamba zilirudi kwa wenyewe, lakini vizimba vilivutwa ufukweni na pesa zilizoingia humo hazikurudi. Watu walipoteza, na familia hii ilipoteza pamoja nao. Edith hakuwahi kusema kwamba hawakupoteza.

Mwezi wa Juni 2019 Zadock alipata kazi ya usimamizi katika kiwanda cha barafu mjini Homa Bay, akahamia huko. Hawakuachana. Alituma pesa, alikuja kwenye matanga, alilala usiku mmoja akarudi. Alipokuja alizungumza na ndugu zake kwa Dholuo, na mkewe akawa anapita na sahani. Watoto walikuwa wameshaondoka, Lorine akifundisha Rongo na Elvis akifanya kazi Mombasa. Edith alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vinne.

Yafuatayo hayasemwi kumlaumu mtu. Ni maisha yake, na wasifu wa mtu lazima uwe na maisha yake. Alipofika dukani, mazungumzo yalikatika, akahudumiwa haraka, na mazungumzo yakaendelea alipotoka. Kina mama wa kanisa waliokuwa wakitembeleana kila Alhamisi walisahau kupita kwake, wakaendelea kusahau. Aliacha kwaya, maana aliposimama kwenye mstari nafasi ilibaki kila upande wake. Katika misiba alipeleka sukari, ikapokelewa, akaketi mwisho kabisa wa hema. Kwa muda mrefu aliendelea kupika ugali wa watu wawili, kwa sababu mkono wake haukujua kipimo kingine, na uliobaki ukaliwa na kuku. Redio aliiacha ikizungumza kutwa nzima. Lorine alipomuuliza anasikiliza nini, alisema, "Sisikilizi. Nataka tu mtu awe anaongea."

Kaka yake, Motari, alikuja kumchukua mwaka 2020. Alikuja na pikapu kabisa, tayari kupakia vitu.

"Dada, rudi nyumbani. Hawa watu hawakutaki."

"Nimeolewa hapa, Motari."

"Na huyo aliyekuoa yuko wapi?"

"Yuko kazini." Akamkaangia mayai, akamjazia pikapu omena za kupeleka Kegonga, akasimama langoni mpaka vumbi likatua.

Mwaka huohuo alipata kazi kwa kikundi cha wakulima wa viazi vitamu kule Kosele. Alipanga chumba hapo, akawa anashinda Kosele siku za kazi na kurudi Karungu Ijumaa. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Benta, yupo hapa leo. Mama Benta anasimulia kwamba mwaka wa kwanza alitaka viazi vilivyokuwa bado ardhini viandikwe kwa bei ya Nairobi. Edith akamwambia, "Nairobi ni mbali, Benta. Toa gari. Toa magunia. Toa vile vitakavyooza kabla ya Narok. Halafu toa vile ambavyo fuko ameshavila na sisi hatujajua." Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Familia ilishukuru kusikia hadithi hiyo. Hapa nyumbani, kicheko chake kilikuwa hakijasikika kwa miaka.

Mama Benta alimuuliza pia kwa nini kila Ijumaa anarudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Edith alisema, "Zadock akija akute pamefagiliwa."

Mwishoni mwa 2024 alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Alidhani ni vidonda. Mwezi wa Februari 2025 alipimwa katika hospitali moja mjini Homa Bay, ikaonekana ni saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa. Alitibiwa kwa vipindi, akipata nafuu anarudi nyumbani. Lorine aliomba likizo akaja kumuuguza.

Mwezi wa Julai, akiwa nyumbani, mtu alibisha mlangoni. Alikuwa Bwana Nicholas Omanga. Tangu mwaka 2019 hakuna mwanakamati aliyekuwa ameingia nyumba hii. Alikataa kiti, kisha akakaa. Alikataa chai, kisha akainywa. Lorine alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama Lorine, nimekuja na swali. Sikuja na ugomvi."

"Uliza, Mwenyekiti."

"Kama ungeandika vile tulivyotaka, mkopo ungetoka. Chakula kingepatikana. Samaki wangekua. Leo tungekuwa wapi?"

Edith aliweka kikombe chini. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sijui," akasema.

"Hujui? Wewe?"

"Sijui, Mwenyekiti. Pengine wangekua, na tungekuwa na vizimba mpaka kule ng'ambo. Pengine maji yangegeuka tena, na mashamba yenu yangekwenda. Mimi niliona samaki wa siku moja. Hao ndio nilioandika."

Nicholas aliinamisha kichwa. "Nilitaka uniambie tulikosea. Ama uniambie ulikosea. Lolote kati ya hayo lingenipa usingizi."

"Hata mimi," Edith akasema.

Wakamaliza chai yao. Nicholas alikaa mpaka kuku walipoanza kuingia bandani, na hawakuongea tena habari za samaki. Alipoondoka Edith alimsindikiza kwa macho kupitia dirishani, akamwambia bintiye, "Umeona? Amekunywa vikombe viwili."

Mwezi wa Agosti hali yake ilizorota akarudishwa hospitalini Homa Bay. Kiwanda cha barafu hakiko mbali na pale. Zadock alianza kuja mchana, akiwa bado amevaa buti za kazi, na chupa ya uji mkononi. Siku za kwanza waliongea habari za mvua. Halafu habari za watoto, na za ng'ombe wa Mzee Matiko, na za mkalimani wa siku ya posa. Waliongea kwa Kiswahili chao kile cha zamani, chenye maneno ambayo hakuna mtu mwingine anayeyatumia. Wauguzi walizoea kumkumbusha Zadock mara mbili kwamba muda wa wageni umekwisha.

Siku moja Edith alimuuliza, "Zadock, utarudi nyumbani?"

"Nitarudi," akajibu. "Daktari akikuruhusu turudi pamoja. Lakini paa la chumba chetu linavuja. Acha nitangulie nikalitengeneze."

Jumatatu, Septemba 15, alisafiri hadi Karungu akiwa na mabati na misumari. Jumanne alipanda juu tangu asubuhi. Majirani walimwona, na wawili wakaja kumshikia ngazi. Saa nane mchana, Edith alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lorine. Simu ilimkuta Zadock juu ya paa. Majirani wale wanasema alisikiliza, akairudisha mfukoni, akapigilia bati la mwisho, ndipo akashuka.

Ndugu wa Kegonga waliomba kumzika dada yao nyumbani kwa baba yake, na walikuwa na haki ya kuomba. Lakini Edith alikuwa ameshasema azikwe hapa Karungu, mahali anapoweza kusikia watu wakipita kwenda ufukweni. Motari amekubali, na familia inamshukuru.

Ameacha mume, Zadock Odhiambo, ambaye hajarudi Homa Bay na anasema harudi. Ameacha watoto, Lorine na Elvis, na mjukuu mmoja aliyepewa jina lake, Boke. Ameacha kaka yake Motari na jamaa wote wa Kegonga, na marafiki zake wa Kosele waliofika alfajiri na magunia mawili ya viazi.

Ameacha pia majirani wa Karungu. Mmejaza boma, mmejaza hema, na wengine mmesimama hadi barabarani. Hakuna kiti kilichobaki. Mama angetoka na birika, akawakaribisha mmoja mmoja kwa jina, kwa maana majina yenu aliyajua yote.

Lala, Mama Edith. Mungu akupokee, akupe amani.